Hifadhi ya Akili

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako mkono uliozoea huchuma majani mawili na chipukizi lake bila ya kungoja fikira, si rahisi kumtambua mtu aliyepungukiwa na akili kwa maradhi. Kwani kazi ya ujanani hubaki mkononi mwake, na nyuso za jamaa hazimpotei, ila inapofika bonasi ya mwaka, naye akatakiwa kuigawa baina ya karo, mbolea na madeni, ndipo mambo humchanganyikia, na majirani wakamwita mvivu au mfujaji. Je, ni haki kumlaumu mtu kwa upungufu wa kipawa kile kile ambacho kwacho binadamu hustahili kulaumiwa?

Miongoni mwa maradhi yaletayo hali hiyo ni moyamoya, ambayo madaktari Suzuki na Takaku wa Japani waliyapa jina mwaka 1969; nayo huiziba polepole mishipa mikubwa ya damu chini ya ubongo, na mara nyingi hudhuru uwezo wa kupanga na kujizuia kuliko kumbukumbu; na hali kama hiyo huweza kuwafika wenye selimundu, ugonjwa ulioenea kandokando ya Ziwa Viktoria, wanakotoka wengi wa vibarua wa mashamba ya Kericho. Tangu daktari mpasuaji Yaşargil alipouunga mshipa wa panjani na mshipa wa ubongo, mjini Zürich mwaka 1967, damu imeweza kufunguliwa njia nyingine, na hatari ya kiharusi ikapungua; lakini sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa haifufuki, na kwa hiyo baadhi ya waliopasuliwa hupata wepesi wa fikira, wengi hubaki kama walivyokuwa, na wachache huzidi kupungukiwa.

Jamaa waliotaraji kurudishiwa mtu wao kama zamani hudhani kuwa tiba imekosa faida. Nami nasema sivyo. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu akili miongoni mwa mambo matano ambayo sheria imekusudia kuyalinda, pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali. Na aliyeizuia iliyosalia isiangamie amekwisha kutimiza faradhi kubwa, ijapokuwa hakuongeza kitu.

Lakini faradhi hiyo si ya daktari peke yake. Mgonjwa huyu si mwendawazimu aliyesamehewa taklifu, yaani wajibu wa kisheria, wala si mzima wa kuachiwa kila jambo, naye huteseka kwa kuwa watu hawajui wamweke wapi. Aya ya 5 ya Sura ya An-Nisaa katika Kurani yatuongoza: wasioweza kuiendesha mali wasikabidhiwe, bali walishwe na kuvikwa kwayo, na waambiwe maneno mema. Amri hizo hazitengani. Anayemshikia ndugu yake fedha huku akimtukana ameihifadhi mali na kuidhulumu nafsi.

Hospitali kama Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari karibu na Bomet mwaka 1937, yaweza kumpokea aliyepigwa na kiharusi, lakini haiwezi kuketi naye siku ya bonasi. Hapo pana wajibu wa mke, wa kaka na wa jirani: wahesabu pamoja naye, wamkumbushe bila ya kumfedhehesha, na jina la mvivu waliondoe katika vinywa vyao, kwani kumhukumu kwa alichonyang'anywa na maradhi ni dhuluma, hata ikitoka kwa wampendao.