Samaki Mzima

Kiswahili kina neno moja linalobeba maswali matatu. Ukiuliza, "Samaki huyu ni mzima?" pengine unataka kujua kama yuko hai. Pengine unataka kujua kama ana afya. Na ukiwa umeketi pale Dunga ukingoja ugali, unauliza kama analetwa na kichwa na mkia wake, au ni kipande tu. Hebu tulitumie neno hilo kwa swali gumu kidogo: samaki wa Ziwa Victoria anayeishi raha mustarehe kwenye tangi la kioo huko Ulaya, bado ni mzima?

Samaki mwenyewe ni fulu. Hilo ndilo jina la Kijaluo la ukoo wa samaki wadogo, wengi wao wa kutosha kiganjani. Ziwa letu lilikuwa na aina zao zipatazo 500, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Kisha, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta akaingizwa ziwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni huyu aliwala wenyeji. Mwisho wa miaka ya 1980 ulipofika, aina nyingi za fulu, huenda 200 hivi, zilikuwa hazionekani tena.

Lakini tusimfanye mbuta shetani. Amesomesha watoto, amenunua mashua, amejenga nyumba za mawe. Minofu yake hupanda ndege kwenda ng'ambo, na mifupa inayobaki, mgongo wazi, hukaangwa na kuuzwa Obunga kwa asiye na pesa ya samaki mzima. Mtu mwenye njaa huwezi kumhubiria kuhusu fulu.

Sasa, kuna fulu walionusurika kwa njia ya ajabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliofanya kazi upande wa Mwanza tangu miaka ya 1970, walibeba baadhi yao wakiwa hai. Makumbusho na wafugaji wa nyumbani wakaendelea kuwazalisha. Haplochromis perrieri hajaonekana ziwani tangu miaka ya 1980, lakini wazao wake wamelelewa katika matangi ya watu ambao huenda hawajawahi kukanyaga Kisumu. Wafugaji hao hutumia jina letu lilelile: mmoja wa samaki wanaowapenda sana huitwa fulu wa Krismasi, kwa ajili ya rangi zake.

Kumtunza si mchezo. Kabla hujamweka samaki, tangi lisubiri wiki kadhaa hadi bakteria wazuri waote kwenye chujio, maana ndio wanaoigeuza sumu ya amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki. Maji ya mfereji yaondolewe klorini kwanza. Kila wiki unabadilisha kama robo ya maji. Unalisha kidogo. Dume mmoja anapewa majike kadhaa, na mawe ya kujificha, asije akawasumbua hadi wafe. Jike akitaga, hubeba mayai mdomoni wiki mbili au zaidi, karibu bila kula. Hapo kazi yako ni kumwacha atulie. Na muhimu zaidi: usichanganye aina mbili zinazokaribiana, kwa sababu jike akikosa dume wa aina yake atazaa na yeyote aliyepo, na ukoo uliokuwa unauokoa utapotea.

Wanaosema tangi ni wokovu wana hoja: nusu shari kuliko shari kamili. Wanaosema tangi ni jela nao wana hoja. Samaki asiye na mto wa kumletea tope, asiye na adui, asiye na jirani, ni kama neno lililobaki baada ya lugha kufa. Yu hai, ana afya, lakini maana ya tatu imemponyoka. Si kamili.

Mimi nadhani pande zote mbili zinamtazama samaki, na kumsahau mwenye tangi. Mtu akishafunga kioo, hana pa kujificha. Maji yakichafuka, hawezi kusema ni mambo ya Mungu au ya serikali. Kuzingira kiumbe ni kujitwisha wajibu wake wote.

Sasa geuka uitazame Ghuba ya Winam. Ni maji yaliyozingirwa, yanayokutana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba karibu na Rusinga. Mbolea kutoka mashambani inaingia, maji taka ya mjini yanaingia, magugu maji yananenepa. Mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya ziwa yakififia, fulu jike hazioni vizuri rangi za madume, na aina zinaanza kuchanganyika. Yaani kosa ambalo mfugaji anayejua kazi yake hathubutu kulifanya sebuleni, sisi tunalifanya kwa ziwa zima.

Ndiyo maana sikubali kwamba fulu wameokolewa ng'ambo. Wametunziwa nafasi. Nafasi hiyo ina thamani pale tu kuna mahali pa kurudi, na mahali hapo ni kazi yetu. Kwani hapatakuwepo? Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala huko Siaya, bado linahifadhi fulu na ngege wa asili, kwa sababu mbuta hakufika humo na mafunjo yamelizunguka. Na kule Mbita, tuta lililokuwa limeziba maji kwa miaka mingi lilipisha daraja, maji yakapita tena. Kumbe hata ghuba inaweza kubadilishiwa maji.

Ukitaka kufuga fulu kwako Milimani au Nyalenda, fuga. Ila usimwage hata mmoja ziwani kwa huruma. Mbuta naye aliletwa na watu waliojiona wanasaidia. Na siku unapobeba ndoo yako ya kubadilisha maji, uliza maji ya choo chako yanaelekea wapi. Hilo nalo ni tangi lako.