Ubao Ukishakwisha, Asili Iko Wapi?

Fred Mutebi, msanii wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1967 na kusomea sanaa Makerere, anajulikana kwa chapa za rangi nyingi zinazotoka kwenye ubao mmoja. Katika ufundi huo, kwanza huchongwa sehemu zitakazobaki nyeupe, ubao hupakwa wino mwepesi kuliko yote, na karatasi zote zilizokusudiwa huchapwa. Kisha patasi huurudia ubao uleule, ikiondoa kila mahali ambapo rangi ya kwanza inapaswa kusalia, na rangi ya pili huchapwa juu yake. Mambo huenda hivyo mpaka wino mzito wa mwisho. Ikiwa picha ni ya soko, siku soko linapokamilika karatasini, ubaoni hakuna soko tena: vimebaki vijimistari vya kivuli tu. Hapo ndipo swali linapozuka. Karatasi ni nyingi na ubao umekwisha. Kazi ya asili ni ipi?

Tumezoea kujibu kwamba asili ni moja, ilitangulia, na vinginevyo vyote ni nakala. Jibu hilo halifai hapa. Ubao haukuwahi kubeba picha nzima hata dakika moja, na karatasi ya kwanza haina lolote ambalo ya kumi imekosa. Nadai kuwa asili haimo katika kutangulia, imo katika kushiriki: karatasi ni ya asili kwa sababu imepitia kila hatua ya kazi, na katika kila hatua ingeweza kuharibika. Msanii akianza na karatasi 30, rangi ya tatu ikakaa kombo kwenye 4, zimebaki 26 na hakuna ya kufidia. Atauliza mtu: basi picha ya simu ya chapa hiyo nayo ni ya asili? La, maana ilikuja hatari ikiwa imekwisha. Mwingine atasema uchache huu ni hila ya kupandisha bei. Pale ambapo ubao ungali mzima, ana haki ya kushuku, kwa kuwa namba ya penseli pembeni mwa karatasi, inayotaja idadi ya chapa, ni ahadi tu. Ubao uliokwisha hauhitaji ahadi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kilima cha Kasubi, Kampala. Muzibu-Azaala-Mpanga, jengo la mwaka 1882 walimozikwa makabaka (wafalme) wanne wa Buganda, liliteketea Machi 2010 na likajengwa upya. Ikiwa asili ni kupitia hatua zisizorudiwa, je, lililosimama leo ni nakala? Sidhani. Nyasi za paa lile zilikuwa zikibadilishwa tangu zamani, na kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye; kilichorithiwa ni wajibu wa mikono, nao haukuungua. Nakiri kwamba vitu vilivyoteketea ndani havikurudi, na kwa hivyo kujengwa upya hakufuti hasara. Lakini chapa na kaburi vinakubaliana katika jambo moja: ukikitazama kitu peke yake, huwezi kuijua asili yake. Ni lazima uulize kimepita katika mikono ya nani, na mikono hiyo ilikuwa na haki gani ya kukigusa.