Maneno Tunayoyaacha Nyumbani
Kasuku wetu wa kijivu alifika nyumbani kabla hatujazaliwa. Ndege wa jamii yake huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Baba alimfundisha kwa subira kusema, "Bwana asifiwe." Baba amelala katika Bwana, lakini kila alfajiri twaisikia salamu ile kwa sauti yake, nasi hucheka huku tukilia.

Ila kasuku hutamka pia lile tusi ambalo baba alimtolea mama alipokasirika. Hilo hakufundishwa, alilisikia tu. Mama hunyamaza, akafunika tundu kwa kanga.

Wapendwa, ndege hana hatia, wala hawezi kutubu. Sisi twaweza. Basi tuombane radhi tungali hai, kwa maana sauti inayobaki haiombi msamaha.