Haki ya Mgonjwa wa Akili juu ya Jamaa na Jirani Zake

 

Ndugu zangu Waislamu, katika mitaa yetu ya pwani zimo nyumba ambazo mgeni hukaribishwa mpaka sebuleni, asisikie sauti itokayo chumba cha uani. Majirani wote wamjua aliyemo. Walijua jina lake tangu mtoto, wajua alisoma chuo kipi, na wajua ni mwaka gani alipoacha kuonekana njiani. Ikiwa harusi, yeye hahesabiwi. Ikiwa tanga, huja mama yake peke yake, naye huondoka mapema. Kila siku twamwamkia mama huyo na kumwuliza hali za nyumbani, naye hujibu, "Hawajambo wote." Nasi twaridhika na jawabu ambalo twajua si kweli.

Je, hivi ndivyo alivyotufunza Mtume (s.a.w.)? Imepokewa na Muslim katika Sahihi yake, kwa Anas (r.a.), kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa na kitu katika akili yake alimjia Mtume akamwambia kuwa ana haja naye. Hakuambiwa arudi pamoja na walii wake, wala hakutafutwa mtu wa kumwondoa. Mtume alimwita kwa jina la heshima, la mama na mwanawe, akamwachia yeye achague njia ipi wasimame, kisha akasimama naye mpaka haja yake ikesha. Lizingatieni neno hili la kuchagua. Mtu ambaye sisi twamwona hana akili ya kuamua lolote alipewa hiari na mbora wa viumbe, tena barabarani, mbele ya macho ya watu. Ama Ibn Umm Maktum, aliyekuwa kipofu, khabari yake yajulikana: aliadhini, na Mtume alipotoka Madina alimwacha awasalishe watu.

Wako wasemao, "Huyu hana hesabu, kalamu imeinuliwa kwake." Ni kweli, haandikiwi dhambi mpaka arudiwe na akili zake. Lakini kalamu hiyo haikuinuliwa kwa babake, wala kwa ndugu zake, wala kwa imamu wa mtaa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu amekataza asiyeweza kuangalia mali asikabidhiwe, na papo hapo akaamrisha alishwe, avikwe, na asemeshwe maneno mema. Wangapi miongoni mwetu waishika nusu ya kwanza ya aya? Fungu la urithi la ndugu mgonjwa lazuiliwa barabara. Kanzu mpya ya Idi haimfikii, na neno jema halijui.

Majini hatuyakanushi, Qur'ani imeyataja. Tunachokikanusha ni kuwa kila aangukaye amepandwa na pepo, na kila asemaye peke yake amerogwa, kisha auzwe mbuzi, liuzwe na kabati, mganga alipwe, na mgonjwa afungwe mnyororo mguuni mpaka apoe. Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya kufungwa minyororo wagonjwa wa akili katika nchi zipatazo 60, na Kenya imo. Lakini sisi tutaulizwa ya nyumba zetu. Mtume alituamrisha tutafute dawa. Na kifafa, ambacho watu wa KEMRI wamekichunguza Kilifi kwa miaka mingi, kina sababu zijulikanazo: mtoto kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, pigo la kichwa, malaria iliyopanda kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa wagonjwa 70 katika kila 100 waweza kuishi bila ya kuanguka, wakipata dawa zifaazo na kuzimeza bila ya kukatiza.

Nami sijiepushi na lawama. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinijia baada ya darasa akaniuliza, "Maalim, Ramadhani hii mwanangu afanyeje na vidonge vyake?" Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Afunge, vidonge vitangoja." Sikumwuliza ni vidonge vya nini, wala sikukumbuka ruhusa ambayo mgonjwa amepewa na Mola wake ndani ya Qur'ani. Kijana aliacha dawa kwa neno langu. Siku ya nne alianguka juu ya jiko la makaa, na mkono wake wa kulia haujanyoka mpaka leo. Daktari alimweleza mama yake kuwa dawa ile haiachwi ghafla, na lau angaliulizwa, angaliangalia kama yawezekana kumezwa wakati wa futari na daku. Mama yule hajanilaumu hata siku moja. Kila Ramadhani hunitumia sahani ya futari.

Wazee wetu katika Uislamu hawakuyaacha mambo haya kwa mama mmoja na jirani zake. Ibn Jubayr, aliyefika Misri mwaka 1183, alieleza habari za hospitali ya Salahuddin mjini Cairo: mahali pa wanaume, mahali pa wanawake, na mahali pa tatu pa wenye wazimu, na watu waliowekwa kuwatazama hali zao kila siku na kuwapa kiwafaacho. Miaka mia baadaye, Sultani Qalawun alijenga hospitali yake katika mji huo huo, akaiwekea wakfu, matajiri na maskini wakatibiwa. (Hatusemi kuwa yote yalikuwa mema. Madirisha ya wenye wazimu yalikuwa na vyuma, na kule Damascus msafiri huyo huyo aliwaona wamefungwa.) Nasi tuna nyumba na maduka ya wakfu. Je, kodi ya duka moja haiwezi kulipa nauli za wagonjwa wa mtaa?

Kwa maana dawa haiko mbali kama zamani, Mathari ya Nairobi ilipokuwa ndiyo tegemeo. Wodi iko Port Reitz, hapa Mombasa, na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezitaka serikali za kaunti zipeleke huduma hii karibu na watu. Lililopungua ni mtu wa kufuatana na mgonjwa.

Ama kijana yule, yeye sasa ndiye ajazaye birika la msikiti na kushika ufunguo wake, na hujaza kwa mkono wa kushoto. Siku ya kliniki watu wa darasa hufuatana naye kwa zamu, na mama yake hupumzika. Wagonjwa wengine wawili wa mtaa wamekwisha kuingizwa katika zamu hiyo. Mwezi ujao zamu yangu yaangukia Jumatano, nami nitakuwa Lamu; atakayeweza kunishikia na anijulishe baada ya sala ya Ijumaa.