Magari Mawili, Mwenye Mali Mmoja

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja mfanyabiashara suala ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote, kwani wenye magari kati yetu ni wengi, na wanaoufikiri mkataba wa bima kabla ya siku ya msiba ni wachache.

Ndugu huyu ana malori mawili yanayoleta Mombasa ndizi za Meru na maembe ya Embu. Njia ya huko yajulikana: yashuka na kupanda mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya, na ni katika daraja la mto Nithi ambapo Julai 2022 basi lililokuwa likija Mombasa kutoka Meru lilitumbukia, wakafa watu zaidi ya 30. Katika mteremko mmoja karibu na Chuka, lori lake la nyuma lililigonga la mbele. Yote mawili yamo katika mkataba mmoja wa bima, nayo ni ile bima ndogo ya kulinda wengine. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya njia alivunjika mguu. Sasa wako wanaomshauri aseme kuwa lori la mbele alikwisha muuzia nduguye, ili lihesabiwe mali ya mtu mwingine, alipwe. Je, yafaa?

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Bima ya lazima nchini Kenya, kwa Sheria Sura ya 405, imewekwa kwa ajili ya roho na mwili wa mtu aliyedhuriwa, si kwa ajili ya bati. Na mkataba unaoongeza mali ya wengine kwa kawaida huitoa mali ya mwenye bima mwenyewe. Sababu yake ni wazi: fidia ni deni la mkosaji kwa aliyekosewa, na mtu hajidai nafsi yake. Lau angalikata bima kubwa, ambayo hubeba madhara ya gari lenyewe, kila lori lingalitengenezwa kwa haki yake, ila ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari huachiwa aibebe. Hakukata, alipendelea ada ndogo. Aliyenunua kibaba hadai pishi.

Washauri wake wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba bima ni haramu, basi mali ya kampuni haina heshima. Ni kweli kuwa maulamaa wameizungumza bima tangu zama za Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, na kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah mwaka 1985 iliikataza bima ya biashara ikaikubali ile ya kusaidiana. Lakini ni nani katika hao aliyesema kuwa ila ya mkataba huhalalisha uongo? Aonaye mkataba una ila hutafuta ulio bora. Haugeuzi kuwa mlango wa kuibia.

Ya pili, kwamba amelipa miaka mingi asidai kitu. Twamuuliza: aliyeajiri mlinzi mwaka mzima na mwizi asije, hudai arudishiwe mshahara wa mlinzi? Tena fedha zile zimechangwa na watu: mwenye matatu wa Embu, mwalimu wa Meru, na jirani yake mwenyewe hapa Mombasa. Kila dai la uongo huwapandishia ada hao.

Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi wa haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu. Hapa ndipo mtihani wa ndugu yetu ulipo. Yeye ndiye mwenye gari lililogonga, na ndiye mwenye gari lililogongwa. Hakuna mshindani wa kumkanusha. Madereva wake wawili wanakula mkononi mwake, naye akisema uongo atawalazimisha nao waseme. Na yule mama aliyevunjika mguu, ambaye haki yake ni ya kweli, huenda akacheleweshewa haki hiyo kwa uchunguzi na kesi, kwa sababu habari ya ajali yake imechanganywa na uzushi. Kwa kutaka kuponya bati, atazidisha jeraha la mtu.

Basi jawabu letu ni kuwa haifai. Aseme yaliyotokea, atengeneze malori kwa mali yake, na amsaidie mama yule kuipata haki yake. Na mwenye kutaka mkataba ulio safi zaidi, takaful imeanza Kenya tangu mwaka 2011. Aiulize na aipime.

Nasi sote tujilaumu. Twahudhuria darasa tukajifunza masharti ya udhu na sala, kisha twatia saini karatasi tusizozisoma, na likitufika jambo twatafuta hila. Muamala nao ni dini.

Wallahu aalam.