Bushi za Usukani Hazikisiwi

Mwanangu, neno hili nimewaambia wenzako, nikawarudia, na sasa nimechoka. Nitakwambia na wewe taratibu, kwa kuwa nakupenda, na kwa kuwa ziwa likishaganda hutakuwa na masikio. Hizo bushi za usukani unazotaka kuzichonga kwa mkono wako, zichonge. Sikukatazi. Pikipiki ya theluji uliyonunua ni kuukuu, vipuri vyake ni shida kupatikana, na kijana aliyekulia kwenye magereji ya kwetu hawezi kukaa mikono mapajani majira ya baridi ya Minnesota yakimpita. Ninalokukataza ni kukisia.

Kwanza jua kipande hicho kinabeba nini. Nguzo ya usukani inashuka kutoka kwenye mpini hadi kwenye tairodi zinazozigeuza skii za mbele. Njiani imeshikwa na bushi: kwenye mashine nyingi za zamani ni vipande viwili vya plastiki vilivyoikumbatia nguzo, vikabanwa kwa kishikizo cha chuma na bolti. Bushi ikilika, nguzo inayumba, mpini unachezacheza, na chombo kinapenda kufuata mitaro ya waliotangulia kuliko kufuata mikono yako. Juu ya barafu, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, jua la Desemba limeshazama kabla ya saa kumi na moja jioni, ukikosea njia huna pa kujirekebishia.

Kabla hujagusa msumeno, inua mbele ya chombo mpaka skii ziwe hewani. Mwenzako ashike mpini kwa nguvu, wewe uitikise skii kushoto na kulia huku ukitazama kinachocheza. Huenda ni kichwa cha tairodi. Huenda ni mhimili wa skii ndani ya mkono wake. Nimeona vijana wakikesha wakichonga bushi nzuri kabisa kwa ajili ya ugonjwa uliokuwa pengine. Ukihakikisha kwamba ni bushi, itoe, uifute nguzo grisi yote, upitishe kidole. Ikiwa chuma chenyewe kimelika na kufanya bonde, au kutu imekitafuna, bushi mpya haitakusaidia. Plastiki haiponyi chuma. Nguzo ipelekwe kwa mkereza, au itafutwe nyingine. Na ukipima, pima nguzo pale ilipo nzima. Usipime tundu la bushi iliyokwisha ukalifanya ndilo kielelezo, maana utakuwa umeiga ubovu.

Sasa plastiki. Umeniambia utakata ubao wa jikoni wa mama yako. Hapana, baba. Ubao ule kwa kawaida ni polithini: unateleza vizuri, lakini ni laini, na ukibanwa na bolti kwa muda mrefu unasogea kidogo kidogo mpaka bolti inabaki haina cha kubana. Nailoni ni ngumu zaidi, ila inakunywa maji na kuvimba, na theluji inayeyuka juu yake kila siku. Kwa kazi hii mimi ningechukua asetali, ile ambayo wauzaji wa hapa huiita Delrin. Ni ngumu, inateleza, hainyonyi maji ya kutisha, na inakerezeka vizuri. Kipande cha kutosha bushi mbili hakina gharama ya kumfanya mtu auvamie ubao wa mama yake.

Lakini hata asetali ina tabia moja, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Plastiki inasinyaa kwa baridi kuliko chuma, tena kwa mbali. Chukua nguzo yenye unene wa milimita 20. Umelitoboa tundu gerejini, hita inawaka, joto ni nyuzi 20. Umeingiza nguzo, inazunguka bila kuchezacheza, umefurahi. Kisha asubuhi unatoka nje, na baridi ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 50, tundu la asetali linapungua karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na nguzo ya chuma haipungui hata robo ya hapo. Ile nafasi ndogo uliyojisifia imekwisha. Bushi imeikaba nguzo, usukani umekuwa mzito, na wewe uko kwenye kona. Wakati huohuo bushi hiyo imesinyaa upande wa nje pia, imelegea ndani ya kishikizo chake. Hulioni hilo gerejini hata ukiwa na macho ya tai. Kwa hiyo acha nafasi inayolingana na baridi utakayoendea, si na joto unalofanyia kazi. Kisha laza kila kitu nje usiku kucha, nguzo na bushi pamoja, na ujaribu alfajiri kabla hujafunga chochote.

Kutoboa kwenyewe ni subira. Vibane vipande viwili kwenye jiliwa, uso kwa uso, ili tundu lipite katikati ya kiungo. Keekee iwe kali na iende polepole; anza na ndogo, panda hatua kwa hatua, na kila mara itoe ili mabaki yatoke. Ukiilazimisha, plastiki itapata moto na kuyeyuka, na tundu litakuwa la mviringo wa mashaka. Usipime papo hapo. Iache ipoe, ndipo ulete vernia. Tundu lililobana kidogo linamaliziwa kwa msasa. Lililopita kiasi halirudi, na hapo usitie karatasi wala utepe kujaziliza. Tupa, uanze kingine.

Naona unaniangalia kana kwamba nakuza jambo. Huko Valcourt, Quebec, Joseph-Armand Bombardier alikuwa akihangaika na chombo cha kupita juu ya theluji tangu ujana wake. Mwaka 1934 mwanawe wa miaka miwili aliugua, barabara zimefungwa na theluji, hospitali haikufikika, na mtoto akafariki. Baba yule hakuacha. Mwaka 1937 alikuwa ameshatoa B7, gari la abiria saba, na magari ya aina ile yakaja kubeba wagonjwa, watoto wa shule na barua. Hii unayoichezea ziwani ni mjukuu wa kazi ile. Inabeba watu, mwanangu. Itambeba mdogo wako nyuma yako.

Ukishafunga, weka nati mpya zenye pete ya nailoni. Za zamani zimeshachoka kushika. Zikaze kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako. Skii zikiwa bado hewani, zungusha mpini kutoka mwisho hadi mwisho: uende bila kukwama, bila kugusa waya wala bomba. Safari ya kwanza iwe fupi, polepole, karibu na nyumbani, uko peke yako. Ukirudi, zikague nati zote tena, mashine ikiwa bado ya baridi. Leo lakini, niletee hiyo nguzo na vernia yako, tuipime pamoja kabla hujaenda kununua plastiki.