Shukrani kwa Tabibu Asiye wa Dini Yetu



Hapana shaka, ndugu msomaji, umepata kusikia barazani mtu akisema: "Tabibu yule wa misheni aliwatibu watu, lakini shabaha yake ilikuwa kuwavuta katika dini yake, basi ana shukrani gani kwetu?" Neno hili ni zito wala halifai kupuuzwa, kwa kuwa sote twajua kwamba amali hupimwa kwa nia. Na tumtwae mtu mmoja, tulitazame neno lenyewe kwake.

Katika mwaka 1938 alifika Tanganyika tabibu kijana wa Australia aitwaye Paul White, pamoja na mkewe Mary, akakaa Mvumi, kiasi cha maili 25 kutoka mji wa Dodoma. Aliyempeleka ni chama cha misheni cha Kianglikana, C.M.S. Nchi ile wazee wetu wa Bagamoyo waliijua kwa misafara: walivuka Marenga Mkali kwa kiu, kisha wakatoa hongo kwa wakuu wa Ugogo. Ni nchi ya ng'ombe wengi, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu. Na penye uchache wa maji na wingi wa nzi, hapo hukaa ugonjwa wa vikope. Ugonjwa huu hauui. Humrudia mtu mara kwa mara tangu utotoni, ukatia makovu upande wa ndani wa kope, hata kope ikakunjika na nywele zake zikawa zakwaruza jicho kila apepesapo, mchana na usiku, mpaka nuru ikazimika. Huwapata wanawake zaidi, kwani wao ndio wakaao na watoto. Haya, pamoja na homa ya malaria na shida za uzazi, ndiyo aliyoyakuta tabibu yule.

Hakukaa sana. Mwaka 1941 alirejea kwao kwa sababu ya maradhi ya mkewe, akaandika khabari za Mvumi katika vitabu vingi vilivyofasiriwa kwa lugha nyingi, hata akafa mwaka 1992 hali jina lake lajulikana na watu wasioijua Dodoma iko wapi. Vitabu hivyo vina mahali pa kupingwa. Waganga wa Kigogo huonyeshwa humo kama wadanganyifu, na mimi siamini kwamba nchi nzima iliishi karne nyingi bila ya mtu mmoja mwenye kujua dawa ya kweli. Wala shabaha yake ya kuhubiri hakuificha.

Basi turudi kwa mtu wetu wa barazani. Lau mtu angalikukopesha rupia kumi ili apate kujisifu mbele ya watu, je, deni lingekuondokea kwa ubaya wa nia yake? Kadhi gani angehukumu hivyo? Nia yake ina hisabu yake kwa Mwenyezi Mungu, na rupia zingali shingoni mwako. Kadhalika mama aliyetolewa mtoto hai tumboni: manufaa yalimfikia yeye, na aliyemfikishia ajulikana.

Tena tunao mfano ulio mkubwa kuliko huu. Mut'im bin Adiy, mkubwa wa Makureshi, alikuwa miongoni mwa waliosimama ili ile hati ya kuwatenga Banu Hashim ivunjwe, na Mtume (S.A.W.) aliporejea kutoka Taif, Mut'im alimpa ulinzi, yeye na wanawe wakiwa na silaha, hata akaingia Makka. Hakufanya hayo kwa ajili ya Uislamu, maana alikufa bila ya kusilimu. Ilikuwa muruwa wa Kiarabu na heshima ya ukoo wake. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, Mtume alieleza ya kwamba lau Mut'im angalikuwa hai akawaombea wale mateka, angaliwaachilia kwa ajili yake. Na Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, alimtungia maombolezo.

Hapa pana mpaka, nao usivukwe. Kumwombea maghfira aliyekufa nje ya dini kuna hukumu yake kwa wanazuoni, na kumshukuru mtu si kumfuata. Lakini kuutaja wema wake kwa ukweli, bila ya kuupunguza kwa kuwa si wetu wala kuuzidisha kwa kuwa aliandika vizuri, hilo halimtoi mtu katika chochote.

Liko deni jingine ambalo husahauliwa upesi zaidi. White hakutibu peke yake. Walikuwako wauguzi na wasaidizi wa Kigogo waliomfasiria maneno ya wagonjwa, wakachemsha vyombo, wakakesha na wenye homa; naye alipokwenda zake, kazi haikukoma. Hospitali ya Mvumi ingaliko hata leo, na yajulikana khasa kwa matibabu ya macho. Anayetaka kuyajua majina ya watu wale itampasa aulize Mvumi kwenyewe, kwa wajukuu wao.